Mtoto Anawaye Asitosheke

Neno la kutafakari: Marko 7:1-23



Habari hii ya Marko twaijua sana. Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu waliwaona wanafunzi wa Bwana Yesu wakila chakula bila kunawa kama desturi ya wazee ilivyotaka, nao wakauliza sababu. Bwana akawajibu kwamba kitu kimwingiacho mtu kutoka nje hakiwezi kumtia unajisi, maana unajisi hutoka moyoni. Mara nyingi tumelihubiri neno hili tukiwakemea watu washikao desturi za nje na kuusahau moyo. Mahubiri hayo ni ya haki. Lakini mwezi huu na tuisome habari hii kwa ajili ya mtu mwingine, ambaye huenda yumo katika sharika zetu wala hatumjui: mtoto anawaye mikono si kwa kiburi, wala si kwa kutaka kusifiwa na watu, bali kwa hofu asiyoweza kuizuia.

Tuseme mtoto huyo ana miaka 11. Akaa Kirumba mjini Mwanza, au katika kijiji cha wavuvi upande wa Sengerema. Tangu udogo wake amefundishwa mambo mema: ya kwamba katika maji ya ziwa mna kichocho, ya kwamba kipindupindu huletwa na mikono michafu na maji machafu, ya kwamba sharti anawe kabla ya kula. Watoto wenzake wamesikia mafundisho hayohayo, wakanawa, wakaenda zao kucheza. Yeye hunawa, akaona bado. Hunawa tena, akaona bado. Macho yake yamwambia kwamba mikono imetakata, na akili yake yajua hivyo. Lakini moyoni mwake mna shaka isiyonyamaza: labda uchafu umebaki, labda mama yako ataugua na kufa kwa ajili yako. Basi arudi kwenye maji, hata ngozi ya vidole yapasuka na kutoka damu.

Mwingine hasumbuliwi na uchafu. Hufunga mlango, akaenda hatua 20, akarudi kutazama kama umefungika, akaenda, akarudi mara ya saba. Mwingine huandika hesabu, akafuta, akaandika tena, akafuta, mpaka karatasi imetoboka. Mwingine tena, na huyu huteseka sana kwa siri, hujiwa na mawazo asiyoyataka: tusi juu ya Mungu katikati ya sala, au picha ya kumdhuru mdogo wake ampendaye. Aanza Sala ya Bwana, wazo laingia, aona sala imeharibika, aanza upya. Watu wa nyumbani wamekwisha kulala zamani, naye bado amepiga magoti sakafuni, wala hajafika mwisho wa sala ambayo wenzake huisema kwa pumzi chache.

Ndugu zangu, jambo hili ni ugonjwa. Madaktari waujua, nao ni ugonjwa wa mawazo yamrudiayo mtu bila kutaka, na matendo ayarudiayo ili apate kutuliza hofu. Si ugonjwa wa Wazungu wala wa watu wa mjini tu. Huonekana katika mataifa yote. Katika watu 100, mmoja au wawili au hata watatu huupata wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Maana yake ni kwamba katika shule yenye watoto 1,000 haielekei kwamba hayupo hata mmoja. Kila mtu ana katika ubongo wake mlinzi aonyaye hatari, kama mbwa abwekaye mwizi akija. Kwa mtu huyu mlinzi hubweka mchana na usiku, hata mwizi asipokuwapo, wala hanyamazi akiambiwa nyamaza. Mtoto hakuutafuta ugonjwa huu, wala wazazi wake hawakuupanda.

Kwa kuwa hatukuujua, tumeupa majina yasiyo yake. Wengine husema, amerogwa, nao humpeleka kwa mganga wa kienyeji achanjwe na kufukizwa. Wengine husema, ana pepo, nao humshika na kumpigia kelele za maombi mpaka azimie. Wengine husema ni mkaidi, apigwe. Katika nchi hii ya Usukuma twajua vizuri jinsi ilivyo hatari kusoma alama vibaya. Bibi wazee wengi walishtakiwa uchawi, na wengine wakauawa, kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni miaka mingi. Aliyeona alama hakukosea kuiona. Alikosea kuifasiri, na damu ya asiye na hatia ikamwagika. Basi na tujihadhari tunapoona mikono iliyopasuka ya mtoto, tusije tukaifasiri kwa namna ile.

Sasa twendeni naye shuleni, maana huko ndiko mzigo wake huongezwa uzito. Watoto wana macho makali. Siku chache tu, nao wamekwisha kujua. Wamwona akikwepa kushika kitasa cha mlango. Basi hupaka mikono yao vumbi, wakagusa daftari lake, wakasimama kumtazama. Akikimbilia bombani, wote hucheka. Humpa jina, na watoto wetu waliofundishwa dini hujua kuchagua jina: humwita Pilato. Kila asubuhi Pilato, kila saa ya mapumziko Pilato. Humficha kalamu, humvuruga hesabu zake ili aanze upya, humsukuma mahali penye uchafu. Naye hawezi kujitetea, maana atasema nini? Yeye mwenyewe aona ya kuwa matendo yake hayana maana. Aliye na mguu uliovunjika huonyesha mguu. Huyu ataonyesha nini? Kwa hiyo hunyamaza, hujitenga, na hofu ya wenzake huongeza hofu ya ndani, na hofu ya ndani huongeza kunawa, na kunawa huongeza kicheko. Ndiyo kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili: ugonjwa ni uzi mmoja, na mzaha wa watu ni uzi wa pili. Uzi wa kwanza hatukuusokota sisi. Wa pili ni kazi ya mikono yetu na ya watoto wetu.

Mtoto huyu huchelewa shule, kwa sababu alirudi mlangoni mara saba. Hamalizi mtihani, kwa sababu alikuwa akifuta. Mwalimu asiyejua huona uvivu, naye huchukua fimbo. Walimu Wakristo, na tukumbuke kwamba kanuni za nchi za mwaka 2002 zimeweka mpaka katika jambo hili: fimbo si ya kila mwalimu, bali ya mwalimu mkuu au yule aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, ni kwa kosa kubwa, isizidi viboko vinne, tena iandikwe kitabuni. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtesa mtoto na kumdhalilisha. Lakini hata pasingekuwa na sheria, yatupasa kuuliza: kiboko kitamfundisha nini aliye mgonjwa? Kitamfundisha kuficha tu. Na ugonjwa uliofichwa hukua.

Twaweza kumtazama Martin Luther mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1483, akasoma kwanza katika shule ya mji wa Mansfeld. Alipokuwa mzee alisimulia kwamba asubuhi moja shuleni alipigwa mara 15, kwa sababu ya kutojua somo ambalo hakuwa amefundishwa. Maumivu yale hakuyasahau. Na mwaka 1524, alipowaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani waanzishe shule za Kikristo, alizitaja shule za utoto wake kuwa mahali pa mateso yasiyo na faida. Mwaka 1505 aliingia katika nyumba ya watawa huko Erfurt. Hapo alisumbuliwa sana moyoni. Aliziungama dhambi zake mara kwa mara, na safari moja kwa muda wa saa sita, akitafuta kila kosa dogo. Akiisha kuondoka, alikumbuka jingine, akaona maungamo yote hayakutosha. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, alichoka kumsikiliza. Lakini alimpenda, hakumcheka. Alimwelekeza aache kujichunguza bila mwisho, ayatazame majeraha ya Kristo.

Hatumpi Luther jina la ugonjwa, maana hakuna daktari aliyempima. Lakini kila mtu ateswaye na shaka zisizokoma ataona kwamba njia ile imepitwa kabla yake. Vilevile John Bunyan, yule aliyetunga habari za safari ya Mkristo, ambazo watu wetu wamezisoma kwa Kiswahili tangu zamani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1666 ameeleza jinsi alivyosumbuliwa siku nyingi na wazo la kumwuza Kristo, wazo alilolichukia na kulipinga hata mwili wake ukatikisika. Watu hao hawakuwa makafiri wala wajinga. Walikuwa watu wa dhamiri nyepesi, na adui aliwapiga palepale walipopenda sana.

Basi turudi kwenye neno la Marko. Bwana asema kwamba mawazo mabaya hutoka moyoni, na hayo ndiyo yamtiayo mtu unajisi. Mtoto wetu akilisikia neno hili kanisani bila mtu wa kumfafanulia, huenda nyumbani amevunjika moyo. Husema, mimi ndiye. Mawazo yangu ni machafu kuliko ya watu wote. Nimemkufuru Roho Mtakatifu, sina msamaha. Ninyi wainjilisti na walimu wa kipaimara, shikeni tofauti hii vizuri, mpate kumfundisha. Bwana anena juu ya uovu ambao mtu huukaribisha, huupangia njia na kuutenda: wizi, uuaji, uzinzi, choyo, hila. Lakini wazo linalomvamia mtoto bila kulitaka, ambalo hulilia na kulikimbia, si shauri la moyo wake. Tazameni mawe ya Mwanza yaliyosimama ziwani. Wimbi huja, hulipiga jiwe, hupasuka na kurudi. Wimbi si tabia ya jiwe. Naye aogopaye hivyo asije akawa amemkosea Mungu, hofu yake yenyewe yaonyesha kwamba hakumtupa.

Wala mtu asilichukue neno hili kumpiga nalo mtoto, akisema, Wewe Farisayo mdogo, kwa nini wanawa? Farisayo alinawa apate kuwahukumu wenziwe; mtoto huyu hunawa kwa kuwa amejihukumu mwenyewe. Bwana alipowakemea wale wazee aliwatetea wanafunzi wake waliosemwa kwa ajili ya mikono yao. Kama angesimama leo katika uwanja wa shule zetu, kando ya bomba, angesimama upande gani? Jibu twalijua.

Lakini huruma bila maarifa haitoshi. Wavuvi wetu walijue gugu maji, ambalo tangu miaka ya 1990 limewasumbua katika ghuba za ziwa hili. Mtu hulisukuma kwa kasia, njia hufunguka kidogo, hufurahi. Akigeuka nyuma, limekwisha kufunga. Ndivyo ilivyo kunawa kwa mgonjwa huyu. Kila mara anaponawa, hofu husogea kidogo, kisha hurudi imeshona zaidi. Na kumhakikishia ni vilevile. Mtoto aja kwako, mwalimu wa dini, auliza: Je, nimesamehewa? Wamjibu: Ndiyo. Kesho arudi: Je, ni kweli? Wamjibu tena. Kesho kutwa mara tatu. Wewe wadhani wamlisha Injili, kumbe walilisha gugu.

Ufanye nini? Mwambie mara moja, wazi, kwa upole, kwamba kwa ajili ya Kristo dhambi zake zimesamehewa. Akirudi kuuliza neno lilelile kwa kusukumwa na hofu, mwambie: Mwanangu, neno hili umekwisha kulipata. Leo sitalirudia, si kwa kukunyima, bali kwa kuwa ni kweli hata nikinyamaza, ni kweli hata moyo wako usipolisikia. Kisha kaa naye, zungumzeni mambo mengine, mwendeni kazini pamoja. Kumbukeni tendo letu wenyewe la Ubatizo. Maji yale twayatia mara moja tu, katika jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, wala haturudii mtu akija kusema, sikuhisi kitu. Kwa nini? Kwa sababu nguvu yake haimo katika kuhisi kwetu, bali katika ahadi ya Mungu aliyesema. Kwa mtoto anawaye mara 30 kwa siku, hii ni habari njema kweli: yako maji yaliyotosha mara moja. Naye Yohana, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 3, atufundisha kwamba moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo.

Hata hivyo mtu asiseme, basi Ubatizo watosha, hospitali ya nini? Hatusemi hivyo kwa malaria. Dawa ya ugonjwa huu ipo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika jinsi wagonjwa walivyosaidiwa kwa kuikabili hofu yao bila kutenda lile tendo la kuituliza. Na tangu siku hizo njia hiyo imejaribiwa na kuthibitishwa katika nchi nyingi. Mgonjwa hufundishwa hatua kwa hatua. Leo agusa kitasa, asinawe kwa dakika chache. Hofu hupanda, hukaa, kisha hushuka yenyewe. Kesho muda huongezwa. Hivyo ubongo hujifunza kwamba mlinzi alibweka bure. Haifanywi kwa nguvu wala kwa ghafula, bali mtoto mwenyewe akikubali, pamoja na mtu ajuaye kazi hiyo. Tena ziko dawa, kama fluoksetini na klomipramini, ambazo daktari huwapa wengine. Nazo hutaka majuma mengi kabla ya kuonyesha nguvu zake, wala mtu asiziache bila shauri lake. Wengi hupata nafuu kubwa.

Mtu asione haya kwenda. Katika mji wa Mwanza iko hospitali ya rufaa ya Bugando, na humo wamo madaktari wa magonjwa ya akili. Na wa mbali na waanzie katika hospitali ya wilaya, waombe kuelekezwa. Kwa Walutheri jambo hili si geni. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, watumishi wa Bethel waliwatunza kwanza watoto waliookolewa katika utumwa. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, mahali pale pakawa nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili, na kazi hiyo ya kanisa yaendelea hata leo. Watu wa misioni hiyohiyo ya Bethel ndio waliofika Bukoba mwaka 1910, ng'ambo ya ziwa letu. Baba zetu katika imani hawakuona kwamba kumtibu mgonjwa wa akili ni kazi iliyo chini ya kuhubiri. Sisi je?

Wazazi, msimcheke mtoto wala msimtishe. Mwambieni: huu ni ugonjwa, una jina, si wewe. Mwulizeni kwa utulivu juu ya shule, na akitaja kuchokozwa, msimwambie avumilie tu. Nendeni kwa mwalimu mkuu. Akisema kwamba atamani kufa, msilipuuze neno hilo hata siku moja. Kaeni naye karibu, mkampeleke hospitalini upesi. Walimu, mpeni muda wa kumaliza kazi yake, mkataze majina ya mzaha darasani kama mkatazavyo wizi, maana huo nao ni wizi: humnyang'anya mtoto jina alilobatizwa kwalo. Wazee wa kanisa, msiruhusu mtu amshike mtoto kwa nguvu na kuita kitendo hicho maombi.

Nanyi watoto mwendao shule, mnaosomewa barua hii na wazazi wenu: yuko mmoja darasani mwenu ambaye hakuna akaaye naye. Hamtakiwi kumponya. Mwiteni kwa jina lake. Kaeni naye wakati wa mapumziko. Wengine wakimcheka, mmoja wenu asimame kando yake. Mara nyingi mmoja akisimama, kicheko hukosa nguvu.

Na wewe uliyesoma maneno haya ukajiona ndani yake, labda ukasoma mstari mmoja mara nyingi ukihofu kwamba hukuuelewa vema: endelea mbele, ndugu. Si lazima usome kwa ukamilifu. Mwambie mtu mmoja umwaminiye. Kwa Bwana wetu hukubaliki kwa sababu mikono yako imetakata. Umekubaliwa kwa ajili ya mikono yake iliyopigiliwa misumari.

Ee Bwana Yesu, uliyewakumbatia watoto wadogo na kuwakemea waliowazuia, uwaangalie watoto wa sharika zetu wateswao na hofu wasiyoweza kuieleza. Uwape wazazi subira, walimu macho ya kuona, madaktari maarifa, na wenzao moyo wa urafiki. Utuondolee sisi ugumu wa moyo utokao ndani, maana huo ndio unajisi wetu. Amina.